Paka Asiyekula Kikavu

Nianze na paka mwenyewe, maana hata leo nikimkumbuka nasonya. Alikuwa paka wa kawaida kabisa, rangi ya majivu, mkia umekatika nchani, sikio moja limetafunwa na wenzake. Kwa sura ile, ungempa mfupa angeshukuru. Lakini kwa mama yangu alikuwa mgeni wa heshima. Mama alimpondea dagaa kwenye kinu, akawachemsha, akachuja miiba yote, kisha akaumega ugali vipande vidogo vidogo na kuuloweka kwenye mchuzi ule mpaka ukalegea, ukawa kama uji wa mtoto. Hapo ndipo paka alipoitwa kula. Ukimpa dagaa mkavu, mama alisema, hali. Ukimpa ugali mtupu, hali. Anataka kilicholowa, tena cha uvuguvugu.

"Huyu ni paka au mkuu wa mkoa?" nilimuuliza siku ya kwanza nilipoyaona mambo hayo.

"Usimcheke," mama akasema. "Kila kiumbe na koo lake."

Hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa nakaa mjini Morogoro, chumba kimoja cha kupanga, nachambua tumbaku kiwandani. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na kwa mama nilizaliwa peke yangu. Yeye alibaki nyumbani kwetu juu mlimani, Uluguru, kwenye nyumba iliyokaa peke yake ukingoni mwa mteremko, migomba nyuma, magimbi bondeni, maharage kwenye matuta ya mbele. Ukitoka mjini alfajiri kwa miguu, unafika jua likiwa kichwani, na hapo huna mzigo. Wauza ndizi walikuwa wanateremka na matenga yao wakati wewe unapanda, mnasalimiana huku mnahema, kila mtu anamwonea mwenzake huruma.

Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama. Shamba lile lilikuwa la bibi yangu mzaa mama, na kabla yake la mama yake, na baada ya mama lingekuwa langu. Mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyekaa ng'ambo ya bonde. Sasa miaka ile viongozi walikuwa wakipita kuhimiza watu washuke wakakae pamoja kijijini, chini karibu na barabara, kwenye shule na zahanati. Wengine walishuka kwa hiari, wengine kwa kusukumwa. Huko kwetu juu hawakutukazania sana, lakini maneno yalikuwa yameenea kwamba nyumba ikikutwa haina mtu itahesabiwa mwenyewe kahama, na shamba watapewa wengine. Sijui kama ilikuwa kweli. Mama aliamini. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, aliwasha moto na kutia majani mabichi kidogo, moshi upenye kwenye nyasi za paa, watu wa ng'ambo wauone.

"Waone nipo," alikuwa akisema.

Mwaka ule mama akaanza kupungua. Nilikuwa napanda kila nilipopata mapumziko, na kila nikipanda nakuta kipande kingine cha mama hakipo. Kanga ikawa inamzunguka kiunoni mpaka inabaki. Mashavu yakaingia ndani. Sauti yake, iliyokuwa ikimwita mtu kutoka bondeni bila shida, ikawa inakwaruza. Nikamwambia mama, twende hospitali. Akasema ni baridi ya mlimani. Nilipopanda tena nikamwambia mama, hospitali. Akasema ni uzee, nataka awe kigoli? Basi nikaomba likizo kazini. Msimamizi akaninunia, mwishowe akanipa. Nikafunga mzigo: chumvi, sabuni, nazi, na dagaa wa Kigoma, wale wanaokuja kwa treni. Nikajiapiza njia nzima kwamba safari hii sirudi peke yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja siku ya kazi, wamekufukuza?"

"Nimekuja kukuchukua. Pumzika kesho, kesho kutwa tunashuka hospitali."

Mama akaufungua mzigo, akawanusa dagaa, akawasifu. Kisha akasema, "Na paka?"

Mimi nikacheka. Nilidhani ananitania.

"Paka atalishwa na jirani."

"Jirani atamtupia dagaa hivihivi. Huyu hali kikavu. Nikirudi nitamkuta kafa."

"Mama, wewe ndiye unayekwisha. Nakutazama unakwisha mbele ya macho yangu, halafu unanitajia paka?"

"Ndiyo, nakutajia paka. Na sauti yako ipunguze, mimi si mwenzako wa kiwandani."

Loo! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Haki ya Mungu, kama paka yule angepita mbele yangu saa ile, sijui. Mtu mzima na akili zangu, nimeomba likizo, nimepanda mlima na mzigo kichwani, naambiwa mama yangu hawezi kwenda kutibiwa kwa sababu ya maringo ya paka. Nikavuka bonde mpaka kwa mjomba, nikamshtakia. Mjomba alikuwa anachonga mpini wa jembe, akanisikiliza bila kuinua kichwa.

"Dada yangu ukimvuta, anakaa chini," akasema. "Usimvute. Hiyo sababu yake iondoe. Akikosa sababu ataona haya, atainuka mwenyewe."

Nikaona mjomba kasema. Sababu ni paka, basi nitamfundisha paka kula kikavu.

Nikarudi nikatangaza: "Kuanzia leo paka namlisha mimi. Wewe pumzika."

Mama alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini polepole. "Utamweza?" akauliza.

"Paka tu huyu, mama. Si simba."

Nikachukua dagaa wakavu konzi moja, nikaenda nyuma ya banda la jiko, nikawatupa chini kwenye udongo. Paka akaja anajivutavuta. Akanusa. Akanitazama. Nikamwambia, "Kula au lala njaa, mimi si mama." Akala. Nikasikia anavyowatafuna, kacha, kacha, kacha, mpaka vichwa vichungu, kisha akalamba na udongo. Nikabaki nimeshika kiuno. Ndiyo huyu? Ndiyo huyu anayepondewa na kuchujiwa miiba?

Nikaingia kwa mama nimejaa ushindi. "Amekula!"

"Amekula nini?"

"Kikavu! Tena kamaliza."

Mama alikuwa anapukuchua maharage. Mikono ikasimama. "Leo ana njaa," akasema. "Kesho utamwona."

Kesho yake nikamwona. Alikula. Siku iliyofuata nikamkwangulia ukoko wa ugali kutoka kwenye sufuria, mgumu kama kigae, nikamrushia. Akaudaka hewani. Sasa paka anayekula ukoko ana maringo gani? Nikawa namwita mama aje ashuhudie, haji. Anasema paka anakula kwa kuniogopa. Anasema nikiondoka tu atarudia hali yake. Mimi namwambia mama, sababu zimekwisha, funga kanga tushuke. Yeye ananiambia subiri kidogo, tumtazame kwanza.

Na katika kumtazama huko paka, mama akazidi kuisha. Hilo ndilo lililonichanganya. Nilikuwa nampikia vizuri. Ugali nausonga ukakaza, kama alivyonifundisha mwenyewe, maharage yameungwa, mara kambale mkavu wa kuchoma. Kwetu mama hula mwisho, jikoni, juu ya kigoda, mgongo kaupa mlango. Tangu utoto wangu sikuwahi kukaa nikamtazama mama anavyokula. Kumkodolea macho mtu mzima akitafuna ni ukosefu wa adabu. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakula barazani, naye jikoni, na baadaye naichukua sahani yake kwenda kuiosha. Inakuwa tupu. Haina hata chembe. Sahani tupu na mtu anakonda! Nikasema mama ana minyoo. Nikamchemshia mizizi ya minyoo, masikini, akainywa.

Mchana mmoja nilikuwa nakwenda kuchota maji. Nilishafika kwenye migomba ndipo nikakumbuka nimesahau ngata ya kichwani. Nikarudi kwa nyuma, upande wa banda la jiko, ambako udongo wa ukuta ulikuwa umedondoka ukaacha uwazi kati ya fito. Nikasikia mama anaongea kwa sauti ya chini. Nikadhani kaja jirani. Nikachungulia.

Alikuwa peke yake na paka. Sahani niliyompakulia iko mapajani. Anamega tonge la ugali, anauteremsha mkono, paka anakula kutoka vidoleni mwake. Ugali mtupu, mkavu, paka anaumeza kama vile anakimbizwa. "Kula," mama anamwambia. "Maliza, asije akarudi." Kambale naye akaenda hivyohivyo, na ngozi yake. Sahani ilipokwisha, mama akakivuta kile kibakuli cha paka, akamimina humo maji ya maharage yaliyobaki chunguni, akatia chembe ya ugali, akaivuruga kwa kidole mpaka ikayeyuka. Akainua, akanywa. Akaweka mkono kooni. Akafumba macho akakaza uso wote, na machozi yakatoka kabla funda lile halijashuka. Nusu likarudi, akalitema kwenye kanga. Akapumua, akajaribu tena.

Kisha akamtazama paka, akamwambia, "Na wewe nawe, ungekataa hata siku moja tu!"

Watu wengine wangesema waliona huruma. Mimi niliogopa. Niliogopa mpaka nikaushika ukuta. Chakula kile cha kulowekwa hakikuwa cha paka hata siku moja. Kilikuwa cha mama. Koo lake lilikuwa linaziba, kikavu hakipiti, na badala ya kusema, akamsingizia paka. Alipika cha paka, akala cha paka, na paka akala chake. Angesema anaumwa koo, ningemshusha siku ileile. Akishuka, moshi unakatika. Nyumba ya mama yake na bibi yake itakutwa haina mtu. Ndivyo alivyopanga peke yake, miezi yote hiyo, na mimi nikaja na ujuaji wangu wa mjini nikakitoa mdomoni mwake chakula pekee kilichokuwa kinapita.

Hasira ilinipanda, sikatai. Nilitaka niingie nimwambie, nimekuona! Lakini fikiria: umfumanie mama yako na kibakuli cha paka mdomoni, jikoni kwake mwenyewe. Ni sawa na kumvua nguo. Nikarudi nyuma taratibu mpaka kwenye migomba, nikapiga ndoo, nikakohoa, nikaanza kumwita paka kwa kelele kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Nilipoingia, mama alikuwa ameshafuta mdomo. Kibakuli kiko chini, mahali pake.

"Mama, umeshinda," nikasema.

"Nimeshinda nini?"

"Paka wako. Nimemtupia dagaa asubuhi, kanusa tu, kanigeuzia mkia. Leo namlowekea."

Niliona mabega yake yanashuka. "Si nilikwambia," akasema. "Nyinyi watoto wa siku hizi hamsikii."

"Nimesikia, mama."

Nikapika. Sijapata kupika vile maishani mwangu. Nilitwanga dagaa mpaka wakawa vumbi, nikachuja, nikachuja tena, nikaivunja nazi niliyotoka nayo mjini nikatia tui jepesi, nikaloweka kiini cha ugali, nikavuruga mpaka kisibaki kitonge. Nikamimina kwenye kibakuli, siyo kile cha paka, kingine, safi. Nikamwambia, "Mlishe wewe, mimi hanipendi. Nakwenda bondeni kuchimba magimbi." Nikakaa bondeni bila kuchimba kitu. Niliporudi, kibakuli kimeoshwa kimefunikwa, mama amekaa juani miguu kainyoosha, na paka amelala ubavuni mwake tumbo limemvimba kwa ugali.

"Alikula?" nikauliza.

"Alikula. Alipenda hilo tui."

Basi ikawa hivyo. Nikawa nampikia mama kwa jina la paka. Uji mwepesi wa paka. Ndizi za paka, zimepondwa na mchuzi. Nikimuuliza paka leo aliamkaje, ananiambia kaamka na nafuu, au kasumbuka kidogo. Siku moja akaniambia, bila kunitazama machoni, "Paka anasema chumvi ipunguze, inamchoma." Nikapunguza.

Lakini nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Nikisema paka anakula kikavu, mama anakufa njaa. Nikisema hali, mama hashuki. Kile nilichokuwa nampa kilimshikilia, ila hakikutosha. Hata kile chepesi kilianza kurudi. Likizo ilikuwa inakwisha na mjomba alikuwa anapiga kelele ng'ambo ya bonde, vipi, mbona hamshuki? Nilikuwa silali vizuri. Nikimtazama mama anawasha moto wake wa asubuhi, anapuliza, anapumzika, anapuliza, natamani kulia na natamani kumgombeza, vyote kwa pamoja.

Asubuhi moja tulikuwa barazani tunapukuchua maharage, ungo katikati yetu, ukungu unaondoka bondeni. Paka amejilaza juu ya maganda. Nikasema bila kumtazama mama:

"Mama, huyu paka anaumwa."

Mikono yake ikasimama. "Paka?"

"Paka. Yale si maringo. Ana kitu kooni."

Akaendelea kupukuchua. Ganda moja, la pili, polepole. "Umejuaje?"

"Nimemwona akimeza. Anafumba macho."

Nilijua ungo unanijia usoni. Nilijiandaa. Mama akainua uso, akatazama bonde, matuta, migomba. Jogoo wa mjomba akawika ng'ambo.

"Wanatibika, paka wa namna hiyo?" akauliza.

"Wakiwahi, wanatibika."

"Na akichelewa?"

Nikajifanya naokota maharage yaliyodondoka. "Hata akichelewa," nikasema, "kuna dawa za maumivu. Hatakaa na njaa peke yake jikoni."

"Paka huyu mzee. Hataki kukaa kwa watu."

"Hata kama hataki."

"Na nyumba yake je? Akiondoka, si wataingia wengine?"

"Nyumba nitakaa mimi. Moto nitawasha mimi, kila asubuhi, na majani mabichi. Waone tupo."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Na kazi yako?"

"Kazi yenyewe si majani tu, mama? Hata hapa majani yapo."

Akacheka, na kucheka kukamwumiza, akashika koo mbele yangu. Hakuuficha mkono. Paka akapiga miayo. Mama akampapasa mgongo, akasema, "Basi mwambie mjomba wako alete machela. Paka hawezi kutembea mpaka chini."

Wakaja siku ileile, mjomba na wanaume wa ukoo. Mjomba alifurahi mno, akanikonyeza kama tuliokula njama: umeona, nilikwambia uondoe sababu. Mama akakataa kuondoka bila paka. Paka akatiwa kwenye tenga, kifuniko kikafungwa kwa kamba, akalia humo ndani kama mtoto aliyekatazwa kitu. Halafu mama akataka machela igeuzwe, kichwa kitangulie mteremkoni, ili aione nyumba anapokwenda. Mjomba akalalamika kwamba damu itampanda kichwani. Mama akamwambia hiyo damu yenyewe iko wapi. Wakageuza.

Mke wa mjomba ndiye aliyekwenda naye kumuuguza. Mimi nilibaki, ndilo lilikuwa sharti letu. Nilikimbilia jikoni nikautia moto majani mabichi, mengi kuliko alivyokuwa akitia yeye, moshi ukajaa nyumba nzima ukanitoa machozi, ukapanda juu ya paa. Nikatoka nikasimama uani. Kwa mbali nikamwona kwenye kona ya njia, kitambaa cheupe tu, na mkono wake umeinuka kidogo. Kisha wakakata kona.

Mjomba alirudi kesho yake jioni, jua bado lipo, tenga begani. Nilikuwa nimeshapika; nilikuwa nimetwanga dagaa na kuchuja, nimetia kwenye kopo lenye kifuniko, nikitaka mjomba akishuka tena ampelekee mama. Akatua tenga, akafungua kamba, paka akachomoka akaenda moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo mjomba. Vipi hali yake?"

"Marahaba. Wamemlaza. Wamemmulika kooni, wanasema ni uvimbe, wanataka kumpeleka Dar es Salaam." Akakaa, akavua viatu. "Wamekataa paka. Nani aliwahi kusikia paka analazwa wodini? Nimechekwa mlangoni pale mimi, na umri wangu huu."

"Amesema chochote?"

Mjomba akasonya. "Dada yangu bwana! Mtu hata maji hayapiti, anatuma salamu za paka. Amesema nikwambie hivihivi, nisibadili neno: paka kapona. Umpe kikavu."

Nikasema asante. Nikaenda nyuma ya banda la jiko, mahali nilipomtupia paka wale dagaa siku ya kwanza, nikakaa chini nikalia. Mjomba aliita mara kadhaa, akadhani naogopa kulala peke yangu. Mimi nilikuwa nimeelewa. Huko wodini, mbele ya waganga na wagonjwa wa watu, mama alikuwa ameacha kumsingizia paka. Alikuwa amesema, "Ni mimi, mimi ndiye nisiyemeza." Na alikuwa ananiambia nisipike tena kile, maana hakuna wa kukila.

Hakufika Dar es Salaam. Alifia palepale mjini, mvua za masika zikiwa zimeanza, njia ya mlimani ikiteleza. Walimpandisha kwa machela ileile. Asubuhi ile nayo niliwasha moto, kuni zimelowa, nikapuliza mpaka nikaona kizunguzungu, kwa sababu nilijua kule chini njiani amebebwa kichwa kikitangulia mlimani na sikutaka apandishwe kwenye nyumba isiyo na moshi. Kiwandani sikurudi. Nyumba hakuja mtu kuichukua, wala sijui kama kuna aliyewahi kuitaka.

Siku ya matanga wanawake walijaa jikoni kwa mama. Masufuria makubwa, kelele, moshi, kuni zimerundikwa mpaka mlangoni, na yule paka anapita katikati ya miguu ya watu anapiga kelele zake. Jirani yetu, mama wa makamo wa nyumba ya chini, alikuwa anakusanya mabaki. Akamwona paka, akainama kuchukua kile kibakuli cha udongo.

"Huyu wenu nimlowekee kidogo?" akaniuliza. "Si marehemu alikuwa anasema hali kikavu?"

Nilikuwa nakwangua sufuria. Nikabandua kipande cha ukoko, nikamrushia paka. Akaudaka, akajikunja chini ya kigoda cha mama, akaanza kuutafuna, kacha, kacha, mpaka wanawake wakageuka kumtazama.

"Alikuwa anaumwa," nikamwambia jirani. "Amepona."